Risasi Nne

Jumapili moja mwishoni mwa msimu wa kokoa wa 2024 mchungaji wetu alinisimamisha mbele ya usharika. Alisema kwamba katika siku hizi ambapo mtu anachomwa moto kwa mkungu wa ndizi, hapa kwetu Busale yuko mzee wa kanisa aliyemfumania mwizi usiku shambani mwake, bunduki ikiwa imeshakokiwa, akamhurumia na kumwacha aende. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwaya ikaimba. Niliporudi kwenye benchi mke wangu alinipa leso, maana machozi yalikuwa yakinitoka, naye alidhani ni machozi ya furaha.

Sikumhurumia yule kijana. Nimeshalisema neno hili kwa mke wangu na kwa mchungaji, na sasa nalisema kwenu, kwa kuwa vigelegele vilikuwa vyenu. Nilikuwa na risasi nne tu, na nilipomwelekezea mtutu, wazo lililopita kichwani mwangu halikuwa amri ya tano wala uso wa Bwana Yesu. Lilikuwa hili: nikiipiga hii zitabaki tatu, na nyingine nitaipata wapi?

Nilipoombwa kuchangia katika kitabu hiki nilikusudia kuandika habari za malezi ya vijana, jambo ambalo mwalimu mstaafu anaweza kuliandika huku amesinzia. Lakini swali hili lilinikatalia. Mtu asiyeua kwa sababu risasi zake ni chache, je, ametii amri? Na kama hakutii, basi ni nini kilichotokea usiku ule?

Bunduki yenyewe wengi wenu mnaijua kwa sauti. Baba aliinunua mwaka 1963 kwa mkulima mmoja wa chai, Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo yake kule Tukuyu. Si bunduki ya kuwindia. Ni ya kijeshi, ile ambayo wazee huiita Mark Three, yenye mbao zinazofunika mtutu karibu wote hadi mdomoni. Inabeba risasi kumi na uzito wake unakaribia kilo nne. Kwenye chuma kinachoshika kitako pamegongwa taji, herufi za mfalme George, neno Enfield, na mwaka 1917. Baba alikuwa amebeba ya namna hiyo huko Burma mwaka 1944, akiwa na vijana wenzake wa Tanganyika katika jeshi la Keya, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua na matope hadi mto Chindwin. Alirudi na malaria, shati moja, na tabia ya kutosimulia. Nadhani alipoiona kwa yule mkulima alinunua kitu alichokuwa amekiacha huko, ingawa hakuwahi kusema ni kitu gani.

Nilipokuwa mdogo mwaka ule wa 1917 ulinishangaza kuliko taji. Babu zetu walikuwa wakiihesabu miaka kwa vita hivyo. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Karonga, ng'ambo tu ya Songwe. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakavuka kuja huku, na Wajerumani wakaondoka Tukuyu, ambayo wao waliiita Neu Langenburg. Wamisionari waliotuletea Injili wakachukuliwa kama wafungwa. Kwa karibu miaka kumi sharika za Unyakyusa zilishikwa na walimu na wainjilisti wenyeji, Waskoti wa Livingstonia wakija kutazama wanapoweza. Askari wengi wa Kijerumani mwanzoni mwa vita walikuwa na bunduki za zamani za mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi, na kila walipopiga wingu la moshi liliwaonyesha walipo. Bunduki kama hii ya baba haikutoa moshi wa namna hiyo. Kwa hiyo huyu mgeni aliyekuwa akikaa juu ya dari yetu, amefungwa kwenye kanga kuukuu, alitoka katika kiwanda kilichotengeneza silaha za vita vilevile vilivyoliacha kanisa letu bila wachungaji. Sijui kama baba aliliwaza hilo. Mimi nililiwaza kila Krismasi, alipoishusha kuisafisha.

Sasa habari ya risasi, kwa maana ndiyo kiini cha jambo. Risasi za .303 ni za zamani sana. Waingereza walianza kuzitumia mwaka 1888, na wao wenyewe wakaziacha jeshini katika miaka ya 1950. Kwetu, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, jeshi likaundwa upya na silaha za namna nyingine, nyingi kutoka China. Kwa hiyo mwaka mmoja tu baada ya baba kununua bunduki yake, chakula chake kilianza kukauka. Alikuwa amepewa pamoja nayo risasi sitini, zikiwa kwenye kopo la Kimbo. Mara mbili au tatu aliomba kibali na kutafuta nyingine, akaambiwa zipo za bunduki nyingine zote isipokuwa hiyo. Ukitazama kitako cha ganda la risasi zake utaona tarakimu za miaka: 1942, 1943, 1944. Zilikuwa rika moja na utumishi wake.

Mtu mwenye kitu kisichopatikana tena hukitumia kwa namna ya pekee. Baba alikuwa na daftari la shule, kurasa za nyuma, ambamo aliandika kila risasi iliyotoka: tarehe, mahali, sababu, zilizobaki. Nguruwe pori, mahindi ya kwa mjomba. Mbwa mwenye kichaa, njia ya sokoni. Mamba, Mbaka, akina mama walilalamika. Risasi moja, imekataa. Hizi zilizokataa zilikuwa nyingi kadiri miaka ilivyokwenda, na ndizo alizozitumia kunifundisha adabu ya silaha. Ukisikia imelia kijichuma tu bila mlipuko, alisema, usifungue. Iache imeelekea ardhini mahali pasipo na mtu, uhesabu polepole hadi thelathini, kwa sababu risasi ya zamani inaweza kufikiri kwanza halafu ikapasuka. Na baada ya kupiga, hata kama ni moja, mimina maji yaliyochemka ndani ya mtutu, kwa kuwa fataki za zamani huacha chumvi inayokula chuma. Mama alikuwa akinung'unika: kila nguruwe mmoja, birika mbili za maji.

Baba alisifiwa maisha yake yote kuwa mtu mpole. Ana bunduki, watu walisema, lakini hajawahi kumtishia mtu nayo. Alipofariki mwaka 1998 mambo hayo yalisemwa kaburini. Mimi niliisalimisha polisi kama sheria inavyotaka, kwa kuwa silaha hairithiwi kama ng'ombe. Leseni ni ya mtu, naye mtu akifa imekufa. Ilinichukua muda mrefu kupata leseni yangu mwenyewe. Niliporudishiwa, kopo lilikuwa na risasi kumi na moja. Kufikia 2024 zilikuwa nne. Ya mwisho kupigwa niliipiga kwenye ukingo wa udongo ili mwanangu aone. Bega liliuma siku mbili, na mlio ulikwenda hadi Milima ya Livingstone ukarudi kwetu kama mlango unaofungwa na mtu mwingine.

Mnakumbuka jinsi mwaka ule ulivyokuwa. Mwezi Machi bei ya kokoa katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, na minada ya vyama vyetu ikaleta fedha ambazo wazee hawajawahi kuziona. Pamoja na fedha ukaja usiku wa namna mpya. Watu walianza kulala na kokoa vyumbani. Mimi niliibiwa mara mbili, mara ya pili ikiwa ni mzigo mzima niliokuwa nimeuvundika chini ya majani ya migomba, nao ulikuwa na ada ya mjukuu wangu ndani yake. Niliripoti, nikaulizwa kama nina shahidi.

Mara ya tatu nililala shambani. Ilikuwa yapata saa nane usiku, mwezi ukiwa umeshazama, nilipoona mwanga wa simu ukitembea kati ya miti. Nilisogea. Nikakoki, na sauti ile ya chuma usiku inatosha kumwambia mtu kila kitu. Nikawasha tochi. Kijana aliangusha panga, akaangusha kiroba, akapiga magoti. Nilimjua. Nilimfundisha darasa la tatu, na nilikuwa mmoja wa wazee waliosimama nyuma yake siku ya kipaimara.

Tuseme ukweli wote. Sikuwa nikiulinda uhai wangu. Panga lilikuwa chini, mikono yake ilikuwa juu. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua kwamba mtu wa umri wangu anaweza kuwa nayo, hasira safi, isiyo na kelele. Nilimlenga kifuani kwa muda wa kusema Baba Yetu moja, ingawa sikuisema. Na ndipo likaja wazo la hesabu: nne, tatu. Na la pili likafuata: na kama hii nayo ni ya kukataa, nimepoteza bure. Nikamwambia, "Nenda." Akakimbia. Nikaitoa risasi chemba, na kabla sijawaza lolote kuhusu kijana yule, niliifuta kwa kitambaa na kuirudisha koponi.

Wiki chache baadaye mgambo walimkamata kwenye shamba la mtu mwingine. Alipoletwa mbele ya baraza la wazee kutubu, alisimulia mwenyewe kwamba Mwalimu alikuwa amemshika kwanza na kumsamehe. Ndivyo habari ilivyomfikia mchungaji, na ndivyo nilivyopata vigelegele. Baada ya ibada kijana alinifuata chini ya mwembe akasema, "Shikamoo Mwalimu. Asante kwa uhai wangu." Nikamwambia amshukuru Mungu. Yalikuwa ni maneno ya kumkimbia, lakini nimekuja kuona kwamba sijawahi kusema neno la kweli kuliko hilo.

Jirani yangu mmoja, ambaye ni mtu wa hesabu, ananiambia najisumbua. Kijana yu hai, anasema. Kwake kijana na kwa mama yake, sababu zako zina uzito gani? Ukimpa mwenye njaa wali kwa kuwa umeshiba na hutaki uchache, njaa yake haijui. Sina jibu la kumshinda. Maungamo yetu yenyewe yanampa nusu ya hoja: kifungu cha 18 cha Ungamo la Augsburg kinakubali kwamba mwanadamu anaweza kuwa na haki fulani ya nje, ya mwenendo mbele ya watu, hata kama moyo haujageuzwa. Haki hiyo si kitu kidogo. Kijiji kinaishi kwa hiyo. Wengi wetu hatuibi kwa kuwa kuna mbwa, na hatuzini kwa kuwa kuna majirani, na watoto wetu wanakua salama katikati ya unafiki huo.

Lakini nusu ya pili jirani yangu haifikii. Katika Katekisimo Ndogo Luther haachi amri ya tano iishie kwenye mkono. Anatufundisha kwamba kutomdhuru jirani mwilini ni mwanzo tu. Tunatakiwa tumsaidie katika kila haja ya mwili wake. Kijana yule nilikuwa nimesikia kwamba baba yake anaumwa na kwamba wameuza mazao yao yangali mitini. Nilisikia, na nilikuwa mzee wa mtaa wao. Kama mnataka kujua siku niliyovunja amri ya tano, si usiku wa bunduki. Ni ile miezi kabla yake.

Sisemi kwamba Mkristo asimiliki silaha. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia watupe panga zao. Aliwaambia wasidhulumu na watosheke na mishahara yao. Luther naye, mwaka 1526, alimwandikia mwanajeshi mmoja, Assa von Kram, aliyesumbuliwa na swali kama askari anaweza kuokoka, na hakumfungia mlango. Mtu wa Busale mwenye nguruwe pori shambani hahitaji kuomba radhi. Swali langu ni jingine. Ni kuhusu sifa. Nani apewe sifa ya damu ambayo haikumwagika?

Niliisoma tena sura ya 25 ya Samweli wa Kwanza, nikiwa nimeisoma mara nyingi kama habari ya mwanamke mwenye akili na mume mpumbavu. Daudi amejifunga upanga, watu mia nne nyuma yake, anakwenda kumwua Nabali na kila mwanamume wa nyumba yake kwa sababu ya matusi. Njiani anakutana na Abigaili na punda zake, mikate, divai, zabibu. Anageuka. Nilichokuwa sijawahi kukiona ni namna Daudi anavyosema baada ya hapo. Hasemi kwamba ameamua kusamehe. Hajihesabii upole. Anamhimidi Mungu kwa kumtuma mwanamke huyu, na anamshukuru mwanamke kwa kumzuia, na anakiri waziwazi kwamba bila yeye asingebaki mwanamume hata mmoja hadi asubuhi. Na katika Mwanzo 20 Mungu anamwambia Abimeleki, aliyekuwa akijitetea kwa unyofu wa moyo wake, kwamba ni Yeye aliyemzuia asitende dhambi.

Basi kuna kuzuiliwa. Kuzuiliwa si wema wa anayezuiliwa. Ni wema aliotendewa yeye, na mwingine pia, kwa mkono mmoja. Mimi Abigaili wangu alikuwa kopo la Kimbo lililokaribia kuwa tupu. Kiwanda kilichoacha kutengeneza risasi hizo hakikujua kwamba kuna kijana wa Kyela atakayepiga magoti usiku mmoja wa 2024. Serikali iliyobadilisha silaha zake mwaka 1964 haikujua. Kijana hakuwa amezaliwa, wala mimi sikuwa nimeanza shule. Nikifikiri hivyo napata kizunguzungu, na sitaki kudai kwamba Mungu alipanga maasi ya jeshi ili kumwokoa mwizi wa kokoa. Nasema tu kwamba uchoyo wangu ulitumika vizuri kuliko nilivyokusudia, na kwamba mwenye kuutumia si mimi.

Na baba je? Hili ndilo linaloniuma zaidi kuliko langu. Nimefungua tena lile daftari. Je, upole wake wote ulikuwa hesabu? Mtu aliyeandika kila risasi, aliyewaza mara kumi kabla ya kuvuta, alikuwa mpole au alikuwa mwekevu? Nimejaribu kumtetea kwa kusema kwamba mtu akizuiliwa kwa miaka thelathini na mitano, huenda kuzuiliwa kukageuka kuwa tabia, na tabia kuwa moyo, kama njia ya miguu inavyokuwa barabara. Huenda. Hatamu ikikaa sana mdomoni farasi husahau kuuma. Lakini huenda pia farasi anakumbuka. Baba hawezi kujibu, ila mimi nilipata jibu langu mapema kuliko nilivyotaka.

Mwishoni mwa mwaka ule mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam, aliyekuwa amesikia habari za vigelegele, alinitafutia zawadi. Alizunguka kwa miezi, akapata boksi moja la risasi ishirini za .303, mpya, zinazong'aa kama pete. Vibali vilipatikana, kila kitu kikawa halali. Nilizipanga mezani. Nilifurahi kama mtoto, sitaficha.

Nimezoea, tangu siku za baba, kukohoa ninapoingia shambani usiku. Ni adabu ya kijiji. Unakohoa, unapiga kelele za ng'ombe wasiokuwepo, unawasha tochi mapema, ili kama kuna mtu aondoke na msionane uso. Hakuna mzee asiyeijua. Wiki mbili au tatu baada ya lile boksi kufika, nilirudi usiku mmoja nikamkuta mke wangu ameketi jikoni, moto umekufa.

"Baba Tumpe," akasema, "siku hizi hukohoi."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Zamani nilikuwa nakusikia kutoka hapa hadi unafika mtoni. Siku hizi unatoka kimya na tochi imezimwa. Unamtafuta nani?"

Sikuwa nimejua. Naapa mbele zenu kwamba sikuwa nimeamua lolote. Miguu yangu ilikuwa imeamua. Nikiwa na risasi nne nilikuwa mtu anayetaka mwizi aondoke. Nikiwa na ishirini na nne nilikuwa mtu anayetaka kumkuta. Leseni ni ileile, bunduki ileile, mzee wa kanisa yuleyule, na vigelegele havijapoa.

Kuna habari ya upanga wa Goliathi ambayo hatuihubiri sana. Baada ya vita uliwekwa mahali patakatifu kule Nobu, umefungwa katika nguo, nyuma ya naivera. Silaha ya zamani ya vita, kumbukumbu ya wokovu wa Mungu, haimdhuru mtu. Daudi akaja anakimbia, akauliza kama kuna silaha, kuhani Ahimeleki akamwonyesha. Daudi akaupenda, akasema hakuna kama huo. Doegi Mwedomi alikuwepo anatazama. Sura inayofuata makuhani themanini na watano wameuawa, na upanga ule ni mojawapo ya mashtaka. Nilipoisoma nilitazama juu darini, kwenye ile kanga.

Mwaka 2025 niliipeleka kituo cha polisi Kyela pamoja na risasi zote. Wanangu hawakupenda. Mmoja alisema kuna watu Ulaya wanaotoa fedha nyingi kwa bunduki ya 1917, akasema hiyo ni historia ya babu. Ni kweli, ni historia ya babu, na nimebaki na daftari. Askari aliyenipokea alikuwa kijana. Hakuwa ameona ya namna hiyo ila kwenye picha. Alizihesabu risasi mbele yangu, zile ishirini zinazong'aa, kisha zile nne nyeusi za 1943, akaniuliza kama hizi nazo zinapiga. Nikamwambia baadhi. Akaandika ishirini na nne.

Kokoa bado inaibwa. Ninakwenda na tochi na mbwa, na ninakohoa, lakini sasa sijui kama nakohoa kwa upendo au kwa kuwa sina kitu mkononi. Nimegundua kwamba swali halikwenda polisi pamoja na bunduki.

Kabla ya kumpa mhariri kurasa hizi, nilimpelekea kwanza yule kijana, kwa kuwa hata bila jina ni habari yake. Nilimkuta anageuza kokoa juani, ya kwao. Baba yake ameanza kutembea. Alifuta mikono, akasoma akiwa amesimama, polepole, midomo ikicheza kama alivyokuwa akisoma darasa la tatu. Alipomaliza alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza:

"Kwa hiyo Mwalimu, zingekuwa ishirini?"

Nikamwambia sijui.

Akanirudishia karatasi, akasema zichapishwe tu, akashika tena reki yake.